Paneli ya Mama Mwenye Mtoto Mgongoni

Nawaona kila asubuhi nikiwa hapa Mususa, mtaa wetu wa Butembo, ninyi vijana mnaopita kwenda Kimemi kufungua maduka ya sola. Mnazipanga paneli kando ya barabara, mnazipangusa kwa kitambaa, na mteja akiuliza zimetoka wapi mnajibu "China", basi. Mnajibu kana kwamba China ni duka moja lenye mlango mmoja. Juzi nilimwuliza mmoja wenu ni China ipi. Akacheka, akanionyesha simu yake: picha ya paneli, picha ya kiwanda, na maneno aliyoandikiana na mtu ambaye hajawahi kumwona. Aliagiza mzigo akiwa amelala kitandani. Sikumlaumu, maana hata mimi ningependa kazi ya kufanywa kitandani. Lakini nilirudi nyumbani na hamu ya kusimulia, na kwa kuwa wajukuu zangu hukimbia nikianza, nawaandikia ninyi.

Wengi hudhani naitwa Mama Mwalimu kwa sababu ya shule tu. Ni kweli nilifundisha fizikia Lubero kwa miaka kadhaa, katika baridi ile inayofanya chaki iwe nzito mkononi. Lakini kazi iliyonilisha na kunizeesha ni nyingine. Nilikuwa nikitumwa ng'ambo kuchagua kiwanda. Wafanyabiashara wa Butembo walizoea kuungana, saba au wanane, wakajaza kontena pamoja. Wengine walileta pikipiki, wengine vitenge na mabati. Kundi letu lilileta paneli za sola, au panneaux kama tunavyoziita sisi, na lilitaka kujua zitengenezwe wapi, na nani, kabla ya kontena kupakiwa. Kujua huko ndiko kulikuwa kazi yangu.

Aliyeniingiza ni Papa Mbusa, kiongozi wa kundi lile, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye joto la Dubai. Alikuja shuleni kwetu na paneli mbili zilizokufa, akatafuta mtu wa kumweleza kwa nini zimekufa. Mimi nilikuwa na mita ya kupimia umeme, ile ya sindano, mali ya maabara ya shule. Nilipima, nikamwonyesha mahali maji yalipoingia. Alinitazama, akatazama koti langu lililochanika kiwiko, akaniuliza kwa upole:

"Mwalimu, mushahara banakulipaka?"

Nikamwuliza ni mwezi gani anaouulizia. Alicheka mpaka kofia ikamwinuka.

"Basi kuya twende. Tutafute kwenye banatengenezeaka hizi bintu."

Hivyo ndivyo nilivyopata pasipoti. Mume wangu alinipa baraka zake na orodha ndefu ya vitu vya kumletea. Mita ya shule niliondoka nayo, na mkuu wa shule, Mungu amrehemu, hakuiulizia kamwe.

Papa Mbusa alikuwa na kanuni zake za kuchagua, na nyingi ni nzuri kuliko mlizo nazo kwenye simu. Kanuni ya kwanza: ukifika kiwandani usiulize wanatengeneza wapi, uliza wanatupa wapi. Kiwanda kinachokuonyesha rundo la paneli zilizoharibika kinakuonyesha kwamba vibovu vinabaki pale. Kiwanda kisicho na rundo, jiulize vibovu vimekwenda kwa nani. Kanuni ya pili: paneli ya kupima usipokee ile unayokabidhiwa na mwenye tai, ingia mwenyewe ukavute ya katikati ya bunda. Kanuni ya tatu: rudi kesho yake bila kualikwa, na mvua ikiwa inanyesha ndiyo afadhali, uone kama paa linavuja juu ya mashine.

Kanuni yake ya nne ilikuwa uzito, na hapo ndipo tulipogombana miaka yote. Kwa Papa Mbusa, kitu kizuri ni kizito. Alibeba paneli kwa kuipitishia mikono chini, kama mtu anayenunua mbuzi pale sokoni, akafumba macho, akaipima. Ikiwa nzito alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kiwanda kimoja cha India kilimjua. Mara ya pili tulipofika walimletea paneli nzito ajabu, akafurahi kama mtoto. Mimi nilichukua bisibisi, nikafungua nyuma, nikatoa bamba la chuma lisilo na kazi yoyote, nikaliweka mezani. Papa Mbusa alilitazama lile bamba, akamtazama mkurugenzi, kisha akaomba tufumbe macho sote tusali. Alimwombea yule mkurugenzi kwa Kiswahili kwa muda mrefu, kwa jina lake na jina la kiwanda. Kisha tukaondoka, na India tukaiacha kwa wakati ule.

Chakula nacho kilikuwa na visa vyake. Papa Mbusa hakuamini mchele. Alisafiri na unga wa bundu, ugali wa kwetu, kwenye sanduku, na samaki mkavu wa ziwani aliyefungwa mara tatu kwenye nailoni, na hata hivyo nguo zetu zilinuka samaki. Alisonga bundu kwenye jiko dogo la umeme hotelini, kengele ya moshi ikalia, mlinzi akapanda mbio na mtungi wa kuzimia moto. Dakika kumi baadaye mlinzi alikuwa ameketi kitandani, anakata tonge. Papa Mbusa alinifundisha kwamba mtu ukimlisha atakuambia kiwanda gani kinalipa wafanyakazi na kipi hakilipi, na mlinzi alituambia.

Nimekumbuka haya kwa raha kwa sababu yanayofuata si ya raha yote.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Kongo. Nchi imekatwa vipande, Kinshasa iko upande mwingine wa mstari, na huku kwetu leo mkubwa ni kamanda huyu, kesho yule. Mizigo yetu ilipita Mombasa, ikavuka Uganda, ikaingia kwa mpaka wa Kasindi. Simu hazikuwepo. Watu walikuwa na phonie, ile redio ya kuzungumza mbali, inayokula betri ya gari, na betri inalishwa na paneli. Ndugu aliyekimbilia porini, mtoto aliyepotea njiani, mume aliyebaki ng'ambo ya mto, wote walitafutwa kwa phonie. Kwa hiyo paneli, wakati ule, haikuwa kitu cha kutazamia televisheni.

Kundi letu liliamua kuagiza paneli nyingi zitakazotengenezwa kwa ajili yetu, na mimi nikapewa kuchagua mahali. Nilichagua Shenzhen. Lo, mngekiona kile kiwanda. Sakafu inang'aa, wafanyakazi wana makoti meupe na vitambaa puani, mashine zinanong'ona. Rundo la vibovu lilikuwepo, limehesabiwa. Nilipima paneli tano za katikati ya bunda na sindano ya mita yangu ilipanda vizuri zote tano. Hata uzito ulimridhisha Papa Mbusa. Nilirudi nyumbani nikitembea kama askofu.

Kontena lilifika, mzigo ukaisha upesi Butembo na Beni. Kabla miezi miwili haijatimia, paneli zikaanza kurudi. Moja, nne, halafu kila siku. Zote zilikuwa na ugonjwa uleule: waya umeng'oka kwenye kile kisanduku cheusi cha nyuma, na pembe za kioo zimepasuka. Nilizichunguza moja moja, nikaona zimekokotwa, zimegongwa, zimevutwa. Nikaandika karatasi ya kuwaambia wanakundi kwamba kosa ni la wateja, hawajui kutumia. Niliandika kwa Kifaransa kizuri sana. Karatasi ile ningeipata leo ningeila.

Ulionilazimisha nitoke ofisini ni ujumbe kutoka kwa Mama Masika wa Beni. Huyu alikuwa mjane, mama wa Kikatoliki, mwenye phonie katika chumba chake cha mbele. Kila asubuhi watu walipanga foleni kwenye benchi lake, na kila mmoja alipewa dakika tatu, si zaidi, kwa saa ya ukutani. Nilikuwa nimemuuzia paneli mwenyewe. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: panneau imekufa, aje yule aliyeichagua.

Nilipanda gari kwenda Beni na vifaa vya kufungia paneli juu ya paa, nikiwa nimejiandaa kumfundisha. Nilikuta benchi tupu. Aliniambia phonie inafunguliwa siku moja kati ya tatu, anapofaulu kupeleka betri kulishwa kwa mwenye jenereta. Kisha akaniambia jambo lililofanya vifaa vyangu viwe vizito mkononi. Mwanawe Katembo alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Mambasa, na vita vilikuwa vimeifunga njia. Kutoka machimboni hadi kwenye misheni yenye phonie ilikuwa safari ya siku mbili kwa miguu. Huwezi kujua atafika lini. Akifika ataita Beni asubuhi, na Beni isipojibu atarudi alikotoka. Mara ya mwisho kumsikia ilikuwa kabla sijamuuzia paneli.

Nilijifanya fundi. Nikamwambia tatizo ni kwamba paneli haikufungwa mahali pamoja, tuiweke juu ya paa, haitaguswa tena. Mama Masika hakupandisha sauti.

"Juu ya nyumba, Madame? Askari akipita ataangalia wapi? Phonie hapana iba, yeye pia anakuyaka kupiga. Lakini panneau anabeba, anauzisha. Sisi hapa tunaanikaka panneau sawa mihogo. Asubuhi inatoka, jioni inaingia."

Nikamjibu kwamba paneli haikutengenezwa kuanikwa. Akaisukuma paneli mbele yangu.

"Basi beba weye. Beba siku tatu, kisha utanifundisha."

Nikakaa siku tatu. Niliitengeneza paneli yake kwa muda, nikaunga waya kwa risasi ya kulehemu, naye akaifunga kamba ya katani kuzunguka fremu iwe na mahali pa kushika. Mimi nikawa mbebaji. Asubuhi naitoa, naiweka juu ya turubai kando ya mihogo. Kivuli cha mparachichi kinafika, naisogeza. Kivuli cha nyumba ya jirani kinafika, naisogeza tena. Mvua ya Beni haibishi hodi, naiingiza mbio. Jua linarudi, naitoa. Jirani anakohoa kwa namna fulani, maana yake askari wanapita, naiingiza. Siku ya kwanza nilihesabu mara kumi na moja. Mlango wa Mama Masika ulikuwa mwembamba na paneli pana, kwa hiyo kila mara niliigeuza, na kila nilipoigeuza pembe ilipiga mwimo. Na ninyi mngeishika wapi, haina mpini? Siku ya pili nilijikuta nimeishika kwa waya, kama ndoo. Mimi, mwalimu wa fizikia. Nilisimama mlangoni nimeona haya, kwa sababu nilikuwa nikifanya kitu kilekile nilichowaandikia watu kwenye karatasi yangu ya Kifaransa.

Siku ya tatu alikuja binti wa jirani kupokezana nami, ana mtoto mgongoni. Nilimtazama akiinama, mtoto akimtelezea shingoni, mkono mmoja unamshika mtoto, mkono mmoja unatafuta paneli ishikwe wapi. Hapo ndipo nilipotoa kalamu. Mama Masika alisema, mimi nikaandika. Iwe nyembamba ipite mlangoni bila kugeuzwa. Iwe na mpini upande mrefu. Waya utokee ubavuni na ubanwe, ukivutwa using'oke. Kisanduku cha nyuma kisiingize umande wa nyasi. Iwe na mguu wake, isimame yenyewe. Na neno la mwisho, ambalo nililipigia mstari: ibebwe na mama mmoja, kwa mkono mmoja, mtoto akiwa mgongoni.

Niliagana naye nikimwomba jambo moja, anipe ile paneli yake yenye kamba niende nayo, naye nikamwachia ya kwangu ya nyumbani, nzima lakini ya aina ileile. Alijua kwamba hiyo nayo itakufa. Aliniambia nisikawie, kwa sababu Katembo si mtu wa kukata tamaa upesi, lakini miguu ya mtu ina mwisho.

Papa Mbusa alipoona paneli ya zamani inapakiwa kwenye ndege kwenda China, alidhani nimechoka akili. Nilimweleza njia nzima. Kufika Entebbe, tulikobadilisha ndege, nilikuwa bado naeleza.

Shenzhen walitupokea kwa chai. Meneja aliitazama kamba ya katani, akatabasamu kwa adabu. Mkalimani wetu, bwana mmoja wa Lubumbashi aliyehamia huko siku nyingi, alitafsiri kwamba paneli zao ni za juu ya paa, na kwamba wanaweza kutupa, bure, kitabu cha maelezo ya kufunga paneli juu ya paa. Tulikwenda viwanda vingine viwili mjini mle. Kimoja kilikubali kuweka mpini, ila tuagize makontena mengi ambayo Butembo nzima isingeyajaza. Kingine kilisema ndiyo kwa kila kitu kabla hatujamaliza kusema, na hicho nilikiogopa zaidi.

Mkalimani akatuambia kuna mji mwingine, Ningbo, kaskazini kwa mbali, wenye viwanda vidogo. Tukapanda treni. Kiwanda tulichokikuta kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya karakana ya pampu za maji. Mvua ilikuwa inanyesha, na kwenye korido maji yamekusanyika. Rundo la vibovu liko palepale mlangoni, unaliruka ndipo uingie. Papa Mbusa alinivuta mkono tuondoke. Paneli zao, aliposhika moja, zilikuwa nyepesi. Alinirudishia kama mtu anayerudisha kuku mgonjwa.

Lakini msimamizi wa mle alikuwa mama mmoja wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, mikono ina alama za kuungua kwa kulehemu. Nilimpa paneli ya Mama Masika. Mkalimani akafungua mdomo aanze kueleza, yule mama akamwonyesha kwa kiganja asubiri. Aliigeuza paneli, akautazama waya ulioungwa, akaigusa kamba. Kisha akaishika kwa kamba ile, akainuka, akaibeba mpaka mwisho wa chumba, akapita mlangoni, ikagonga mwimo, akashuka nayo ngazi hadi uani kwenye mvua, akapanda nayo tena. Mafundi wote walikuwa wamesimamisha kazi. Alipofika kwetu alisema kitu kifupi, akajigusa bega. Mkalimani alitafsiri: anasema yule mwenye paneli hii bega lake la kulia linamuuma.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu bega la Mama Masika. Kweli lilimuuma, alilipaka mafuta kila jioni.

Tulikaa pale siku nne. Yule mama alitengeneza ya kwanza akaikataa mwenyewe, akatengeneza ya pili. Aliweka mpini katikati ya upande mrefu kwa namna ambayo paneli haiyumbi. Waya aliupitisha kwenye kibano, kisha akanining'inizia paneli nzima kwa waya wake mwenyewe mbele ya macho yangu, usiku kucha hadi asubuhi, nao haukung'oka. Kitu cha kumfundisha sikuwa nacho, nilipima kwa sindano yangu nikaandika tu. Umeme wake ulikuwa pungufu kidogo kuliko wa Shenzhen, na hilo nililiandika pia, maana msifiche upungufu wa kitu mnachokipenda.

Uamuzi ulikuwa wa Papa Mbusa. Wenzake saba Butembo walikuwa wanamsubiri, na wote walimjua kwa kanuni yake ya uzito. Kama tungekosea tena, kundi lingekufa na jina lake lingekufa nalo. Alivaa kofia yake vizuri, akaibeba paneli mpya kwa mpini, akatembea nayo kwenye korido, akarudi.

"Mwalimu, miye nilikuwa ninapima na mikono yangu. Kumbe mikono ya kubeba hapana yangu."

Akaweka sahihi. Hivi ndivyo tulivyochagua Ningbo. Wenzetu wengine walikuja kudhani tulipiga hesabu za bandari na ushuru, nasi hatukuwakatalia, ilikuwa heshima. Ukweli ni kwamba tulichagua mahali alipokuwa mtu aliyekubali kwanza kubeba.

Bahari ni ndefu mnapoharakisha. Kontena lilichelewa Mombasa, likachelewa mpakani, kwa sababu wakubwa wa Kasindi walikuwa wamebadilika na wapya walitaka kulitazama upya. Niliomba kwa Bikira Maria kwa upande wangu na Papa Mbusa akaomba kwa upande wake, na kila mmoja baadaye alidai ni yeye. Lilipofika Butembo sikungoja ligawanywe. Nilitoa paneli moja, nikaifunga blanketi, nikaipeleka Beni mwenyewe.

Paneli yangu ya nyumbani ilikuwa imeshakufa, waya umeng'oka kama nilivyojua. Benchi lilikuwa tupu. Mama Masika aliipokea ile mpya, hakuitazama kioo, aliishika mpini akaipitisha mlangoni. Haikugonga. Akaitoa tena, akaipitisha tena. Kisha akamwita binti wa jirani mwenye mtoto, naye akaipitisha, mtoto akiwa amelala mgongoni bila kuamka. Hakuna aliyenipongeza. Mama Masika alisema tu "wasingya", yaani asante kwa lugha ya kwetu, akaenda kuunganisha betri.

Nilibaki Beni kuona kama kibano kitashika. Phonie ilifunguliwa kila siku, benchi likajaa. Watu walisema dakika zao tatu, wakilia, wakicheka, wakiuliza habari za mbuzi. Katembo hakuita. Siku ya tano, ya nane, hakuita. Mama Masika hakumtaja, ila kila alipofungua redio asubuhi aliita kwanza ile misheni ya porini, akasikiliza mvumo kwa muda, halafu ndipo akawaita wenye zamu. Mimi nilishindwa kumtazama usoni wakati huo. Nilikuwa nikijiambia, kama amekufa, basi alikufa akidhani mamake hajibu, na asiyejibu ni mimi.

Siku ya kumi na moja foleni ilikuwa ndefu. Mzee wa tatu alikuwa amemaliza kuzungumza na Butembo ndipo sauti ikaingia katikati ya mvumo, nyembamba, ikirudia Beni, Beni, Beni. Mama Masika aliinua mkono, benchi zima likanyamaza. Aliitikia. Sauti ikasema, ikimalizia kwa neno la phonie la kumpa mwenzako zamu:

"Mama, ni Katembo. Nilikuyaka hapa mara mbili. Beni haikujibu. Nilizania mulikufaka bote. À vous."

Mara mbili. Siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, mara mbili, kwa ajili ya waya niliouchagua kwa sababu sakafu ya kiwanda inang'aa. Nililia pale pale, mbele za watu, na sikujificha. Mama Masika hakulia. Alibonyeza kidude, akasema kwa sauti yake ya kazi:

"Tuko, mwana. Panneau njo ilikufa. Sisi tuko bazima. À vous."

Katembo akamweleza kwamba ameacha machimbo, kwamba analima mihogo kijiji cha jirani nayo, kwamba ameoa, na mtoto wa kwanza amezaliwa, wa kike. Jina hakulitaja, hakukuwa na haja. Kwetu binti wa kwanza huitwa Masika, kama bibi yake huyu. Mama Masika alitabasamu akitazama ukuta, na mimi nikadhani anatazama picha ya familia. Alikuwa anatazama saa.

"Katembo, muda yako imeisha. Nyuma yako kuko batu. Kuya tena juma ingine, nitajibu. À vous."

Sauti ikasema sawa, Mama. Ikasema terminé, yaani mwisho. Mvumo ukarudi. Mwanamke mmoja kwenye benchi alimwambia aendelee, sisi tutangoja, na wazee wakaitikia wote kwamba watangoja, hata hadi kesho. Mama Masika alitikisa kichwa, akaandika jina kwenye daftari lake, akamwita aliyefuata, mama mmoja wa Oicha aliyekuwa akimtafuta mumewe. Mama yule akakaa kwenye kiti. Ndipo Mama Masika akanigeukia, macho yamejaa lakini sauti haijabadilika, akaniambia kivuli cha mparachichi kimeifikia panneau, niende niisogeze kabla betri haijashuka.

Nikafuta uso, nikatoka, nikaisogeza.